Kichujio cha masafa ya redio ndani ya chipu kinapogoma: dalili, vyanzo na tiba

Chipu imerudi kutoka kiwandani, umeiweka chini ya probu (sindano za kupimia), na grafu iliyo kwenye skrini haifanani na ile ya simulesheni. Kilele kimehama, mabega yamelala, au sehemu iliyopaswa kuzuia mawimbi inayapitisha. Wengi hapo hukimbilia kubadili thamani za kapasita. Usiguse kitu kwanza. Kila kosa huacha alama yake kwenye grafu: kuhama kwa kilele kuna wahusika wake, kulala kwa mabega kuna wake, na grafu inayogoma kushuka ina wake kabisa. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja unaweza kupata grafu nzuri kidogo bila kujua kwa nini, na chipu ya awamu inayofuata itakurudishia tatizo lilelile.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia rezoneta moja, yaani saketi inayoitikia masafa fulani, muda wote: indakta ya nanohenri 2 na kapasita ya pikofaradi 2.2 kwenye CMOS ya kawaida, teknolojia iliyozoeleka ya kutengeneza chipu za silikoni. Jozi hiyo inakaa kwenye gigahezi 2.4.

Kabla ya yote: je, unapima kichujio au unapima pedi?

Pedi moja ya probu, yaani kipande cha metali ambapo probu hugusa chipu, inaweza kubeba femtofaradi 50 hadi 100 kwenda kwenye msingi wa silikoni, na kipande cha waya kutoka pedi hadi kwenye saketi kina indaktansi yake. Kalibresheni ya kawaida, inayofanywa kwenye bamba la viwango, inakufikisha kwenye ncha ya probu tu. Kutoka hapo kwenda ndani unahitaji vipande viwili vya majaribio vilivyochorwa kwenye chipu ileile: kimoja kilicho wazi na kingine kilichofupishwa kwa metali. Kwa hivyo viwili unaondoa pedi na waya kwenye hesabu. Kama havikuchorwa, utabaki kukisia, na ni heri ulijue hilo kabla hujailaumu saketi.

Pima pia chipu zaidi ya moja. Hatua hii ni rahisi na inaeleza mengi. Kosa likiwa lilelile kwenye chipu zote, chanzo kiko kwenye mchoro au kwenye modeli yako. Likitofautiana kati ya chipu na chipu, hasa kati ya kaki moja ya silikoni na nyingine, unaangalia tofauti za kiwandani.

Dalili: kilele kimeshuka chini ya masafa yaliyokusudiwa

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi kuliko zote, na mara nyingi chanzo chake ni kapasitansi ambayo hakuna aliyeichora. Kwenye mfano wetu, femtofaradi 150 za ziada zinaipeleka kapasita kutoka pikofaradi 2.2 hadi 2.35, na kilele kinashuka hadi gigahezi 2.32. Ni megahezi 80 zimepotea kwa kitu ambacho kwenye mchoro wa saketi hakipo. Na femtofaradi 150 si nyingi hata kidogo: transista za hatua inayofuata, bamba la chini la kapasita yenyewe na waya wa kuunganishia zinazifikisha bila shida.

Waya nao una sehemu yake. Waya mwembamba kwenye chipu una indaktansi ya karibu nanohenri 0.5 hadi 1 kwa kila milimita. Ukiiweka kapasita mikromita 100 mbali na indakta, umeongeza takriban nanohenri 0.08, yaani asilimia 4 ya indaktansi yote, na kilele kinashuka asilimia 2 nyingine. Programu za kutoa thamani za vimelea (athari zisizokusudiwa, ambazo hazimo kwenye mchoro wa saketi) mara nyingi huachwa zitoe ukinzani na kapasitansi peke yake. Angalia mipangilio ya programu yako: kama indaktansi ya waya haimo, simulesheni ya baada ya leiauti (mchoro wa metali na silikoni wenyewe) itakupa matumaini ya uongo.

Tiba ya uhakika ni kuifanyia simulesheni ya sumakuumeme sehemu nzima ya rezoneta, yaani indakta pamoja na waya zake na miguu ya kapasita, kama kitu kimoja. Modeli ya indakta inayotoka kiwandani ni sahihi kwa indakta iliyozungukwa na mazingira yaleyale iliyopimiwa. Ukiisogezea metali karibu, modeli hiyo haikuhusu tena.

Kuna dalili pacha isiyotarajiwa: kilele kimepanda. Hapo tafuta pete ya metali iliyofungwa kuizunguka indakta. Pete ya ulinzi isiyo na mkato ni mzunguko mmoja wa waya uliofupishwa; mkondo unazuka ndani yake, unapinga uga wa sumaku wa indakta, na indaktansi inapungua pamoja na Q, kipimo cha jinsi rezoneta inavyotunza nishati bila kuipoteza. Kata pete hiyo mahali pamoja, na uangalie kama kuna pete nyingine tabaka la chini inayoifunga tena kupitia njia za wima. Hili la pili hupita macho kwa urahisi sana.

Kilele kikitangatanga kati ya chipu na chipu, usihangaike na leiauti. Kapasita za metali kwa metali zinaweza kutofautiana kwa asilimia 10 hadi 15, na masafa yanafuata nusu ya tofauti hiyo. Hakuna mchoro mzuri utakaoliondoa hilo. Weka benki ya kapasita zinazowashwa kwa swichi, na ipe nafasi ya kutosha pande zote mbili. Kumbuka tu kwamba kila swichi ina ukinzani unaokula Q ya kapasita, na swichi iliyozimwa nayo ina kapasitansi yake. Swichi kubwa hupunguza la kwanza na kuongeza la pili.

Dalili: kilele kiko mahali pake, lakini ni kifupi na kinene

Mawimbi yanapotea ndani ya bendi ya kupitisha, na kingo za bendi zimekuwa mviringo. Hapa swali ni moja tu: nishati inaishia wapi?

Anza na hesabu ambayo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Indakta yetu ya nanohenri 2 ina riaktansi (upinzani wake kwa mawimbi) ya ohmu 30 kwenye gigahezi 2.4. Ikiwa waya wake una ukinzani wa ohmu 3, Q ni 10. Kwa Q hiyo, rezoneta ikiwa peke yake, bila kuunganishwa na chochote, ina upana wa bendi wa megahezi 240. Kama uliahidiwa kichujio cha megahezi 100 kwa rezoneta hiyo, hakuna kosa la kutafuta: kinahitaji Q ya 24 hata kabla ya kuunganisha chanzo na mzigo, na indakta hiyo haina. Nguvu nyingi hupotea kuitafuta hitilafu ambayo kwa kweli ni ahadi isiyowezekana. Ndiyo sababu simu bado zinabeba vichujio vya mawimbi ya sauti vilivyo nje ya chipu ya CMOS, ambavyo Q yake hupita 1000.

Lakini ikiwa hesabu ilikubali na kipimo kimekataa, pima indakta peke yake na uchore Q yake dhidi ya masafa. Umbo la grafu hiyo linakutajia mhusika. Q ikiwa bado inapanda inapofika kwenye masafa yako, anayekula nishati ni metali. Ikiwa ilishafika kileleni mapema na sasa inashuka, anayekula ni msingi wa silikoni.

Kwa metali: tumia tabaka la juu lililo nene kuliko yote, ikiwezekana matabaka mawili yaliyounganishwa. Usitegemee sana kupanua waya. Kwenye gigahezi 2.4 mkondo katika shaba hubanana ndani ya takriban mikromita 1.3 kutoka ukingoni, kwa hiyo waya mpana zaidi hukupa kidogo na kukuongezea kapasitansi. Acha katikati ya indakta pawe wazi: mizunguko ya ndani kabisa huongeza indaktansi kidogo, huku uga wa sumaku ukiwa mkali hapo na kuusukuma mkondo upande mmoja wa waya.

Kwa silikoni: Patrick Yue na Simon Wong walionyesha mwaka 1998 ngao ya graundi yenye mikato chini ya indakta, na hadi leo ni dawa ya kawaida. Ngao huzuia uga wa umeme usiingie kwenye silikoni. Mikato lazima ikatize mwelekeo wa mkondo wa indakta kwa pembe mraba. Ngao isiyo na mikato ni ile pete iliyofungwa tena, mara mia. Tena ngao huongeza kapasitansi, kwa hiyo kilele kitashuka, na lazima uihesabu. Na kama silikoni yenyewe ina ukinzani mdogo sana, wa karibu ohmu-sentimita 0.01, ngao haitakuokoa, kwa sababu upotevu unaletwa na uga wa sumaku unaopita kwenye ngao bila kizuizi. Silikoni ya ohmu-sentimita 10 iko mbali na hatari hiyo.

Kuna jambo jingine lisilogharimu chochote: iendeshe indakta kwa mawimbi mawili yanayopingana. Indakta linganifu ikiendeshwa hivyo huwa na Q ya juu kuliko ikiendeshwa upande mmoja huku mguu wa pili uko kwenye graundi.

Dalili: kilele ni kirefu kupita kiasi, au kichujio kinapiga kelele bila kuingiziwa kitu

Hiki ni kichujio kilichoongezewa Q kwa transista mbili zilizounganishwa kwa kukatizana, zinazotoa ukinzani hasi. Tuseme Q ya 10 imeinuliwa hadi 100. Maana yake transista zinafuta asilimia 90 ya upotevu, na zimebaki asilimia 10. Sasa ukuzaji wa transista ukipanda asilimia 5 tu, unafuta 94.5, zinabaki 5.5, na Q inaruka hadi 182. Ukishuka asilimia 5, Q inaanguka hadi 69. Ukipanda asilimia 11 na ushei, hakuna upotevu uliobaki: huna kichujio tena, una oseleta.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini saketi ya namna hii inakuwa nzuri asubuhi na mbaya mchana. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii. Kutoka digrii 27 hadi 85 ni zaidi ya asilimia 22, na ukuzaji wa transista nao hauko tuli. Mkondo uliowekwa mara moja na kuachwa hauwezi kushika tofauti ya vitu viwili vikubwa vinavyotembea kila kimoja kwa mwendo wake.

Ili kuthibitisha, zima mawimbi ya kuingiza na uangalie kwa kichanganuzi cha spektra. Mstari mwembamba uliosimama karibu na masafa ya kati ni ushahidi kamili. Usikitegemee kichanganuzi cha mtandao (kifaa kinachoingiza mawimbi kwenye saketi na kupima yanayotoka) peke yake hapa, kwa sababu mawimbi yake yanaweza kuikamata oseleta na kuifanya ionekane kama kichujio kizuri mno. Mstari ukitokea mbali, kwa mfano gigahezi 8 au megahezi 900, mhusika ni mwingine: waya wa umeme wa saketi pamoja na kapasita zake za kutuliza zimejifanyia rezoneta yao. Rezista ndogo iliyopangwa mfululizo na kapasita hizo huimaliza.

Tiba ya Q yenyewe ni kitanzi cha kujirekebisha. Njia ninayoiamini: kichujio kikiwa hakina kazi, pandisha mkondo hadi kianze kutetema, hesabu masafa yake, rekebisha benki ya kapasita, kisha punguza mkondo kwa kiwango kinachojulikana. Inatumia saketi yenyewe, si nakala yake iliyo pembeni, kwa hiyo hakuna tofauti ya mapacha ya kuomba radhi. Na usiombe zaidi ya unachohitaji. Kila unapopandisha Q kwa njia hii unanunua kelele na kupoteza unyofu, yaani uwezo wa kupitisha mawimbi makubwa bila kuyapotosha. Q ya 40 iliyotulia inafaa kuliko ya 150 inayochezacheza.

Dalili: pembe inayochomoza ukingoni mwa bendi, kwenye kichujio cha transkondakta na kapasita

Vichujio hivi havina indakta; kazi yake hufanywa na transkondakta, yaani saketi zinazogeuza volti kuwa mkondo. Lakini vina udhaifu wao: fezi. Kila transkondakta huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo unaiinua Q. Kwa sehemu ya kichujio yenye Q ya 20, fezi ya ziada ya radiani 0.01, ambayo ni digrii 0.57 tu, inaifanya Q kuwa 33. Radiani 0.025, yaani chini ya digrii moja na nusu, inatosha kukitetemesha kichujio. Upande wa pili, ukuzaji mdogo wa transkondakta huvuta Q chini. Pembe ikichomoza, kosa ni ucheleweshaji. Bega likilala, kosa ni ukuzaji.

Usijaribu kuziachia dosari hizi mbili zifutane. Zitafutana kwenye halijoto moja na kuachana kwenye nyingine. Punguza ucheleweshaji kwa transista fupi na nodi chache za ndani, na uutunze ukuzaji kwa njia nyingine.

Dalili: nje ya bendi grafu inashuka, kisha inagoma

Simulesheni iliahidi desibeli 50 za kuzuia, kipimo kimesimama kwenye 20 au hata 10. Ninaanza na graundi, kila mara. Waya wa kuunganishia chipu na paketi una karibu nanohenri 1 kwa milimita. Nanohenri 0.5 ya graundi ya pamoja ni ohmu 7.5 kwenye gigahezi 2.4. Kichujio ambacho kazi yake ni kuyapeleka mawimbi yasiyotakiwa kwenye graundi, kikikuta ohmu 7.5 hapo badala ya sifuri, hakiwezi kuzuia zaidi ya takriban desibeli 11 kwenye mfumo wa ohmu 50, hata kama kila kitu kingine ni kamili. Kwenye gigahezi 5 hali ni mbaya zaidi, na hiyo ndiyo alama yake: uzuiaji unazidi kuharibika kadiri masafa yanavyopanda.

Tenganisha graundi ya kuingilia na ya kutokea, ongeza idadi ya waya fupi, au nenda kwenye saketi ya mawimbi mawili yanayopingana, ambamo graundi haibebi mkondo mkubwa.

Grafu ikigoma kwa usawa, bila kupanda, zishuku indakta mbili zinazozungumza kwa sumaku. Ziweke mbali, au uzichore kwa umbo la nane ili uga wa nusu moja uufute wa nusu nyingine.

Dalili za vichujio vya njia nyingi

Kichujio cha njia nyingi hutumia swichi zinazounganisha kapasita kadhaa kwa zamu, kwa kufuata mapigo ya saa. Wazo lenyewe ni la zamani; Franks na Sandberg waliliandika mwaka 1960. CMOS ndiyo iliyolipa uhai mpya, kwa sababu swichi zake ni nzuri na zinazidi kuwa nzuri. Kichujio kinafuata mapigo ya saa, kwa hiyo shida ya kilele kutangatanga imekwisha. Zimekuja nyingine.

Uzuiaji hafifu mbali na kilele hapa unatokana na ukinzani wa swichi. Swichi ya ohmu 5 kwenye chanzo cha ohmu 50 inabakiza sehemu moja ya kumi na moja ya mawimbi, yaani desibeli 21, na huwezi kuvuka hapo. Desibeli 40 zingedai nusu ohmu, swichi kubwa mara kumi, na umeme wa kuendesha mapigo ya saa mara kumi vilevile. Ni afadhali vichujio viwili vya kawaida vilivyopangwa mfululizo na kikuza kati yao.

Kilele kikiwa kimeteleza chini kidogo ya masafa ya saa, tafuta kapasitansi kwenye nodi ya kuingilia. Kikiwa kifupi kuliko hesabu, angalia mapigo ya saa: kwenye gigahezi 1 na njia nne, kila njia ina pikosekunde 250, na mapigo mawili yakipishana hata kidogo, kapasita mbili zinaguswa kwa pamoja na kumwagiana chaji. Tengeneza pengo dogo la makusudi kati ya mapigo.

Ukiona mawimbi ndani ya bendi ambayo hukuyaingiza, jaribu kuhamisha mawimbi yaliyo mara tatu au mara tano ya masafa ya saa. Njia nne zinakunja yote hayo ndani ya bendi yako. Njia nane zinasogeza tatizo hadi mara saba na mara tisa, ambako kichujio rahisi cha mbele kinaweza kuyakata.

Dalili: kichujio kizima kikiwa peke yake, kibovu chipu yote ikiwashwa

Vistari vinatokea ndani ya bendi mara tu sehemu ya kidijitali inapoanza kazi. Badili masafa ya saa ya kidijitali kwa kiasi kidogo na utazame. Vistari vikihama pamoja nayo, umepata chanzo. Zidisha masafa hayo hadi uone ni zidisho la ngapi linaloangukia kwenye bendi, kwa sababu mara nyingine kubadili saa kwa megahezi chache kunalitoa nje bila kugusa silikoni. Kisha tafuta njia inayopitia. Washa kichujio kwa umeme wa nje uliotengwa: vistari vikipungua, njia ni waya wa umeme, na kichujio kinahitaji regyuleta yake. Visipobadilika, njia ni msingi wa silikoni au sumaku. Kwa silikoni, weka kisima kirefu cha aina ya n (tabaka la silikoni linalotenga) chini ya transista za kichujio na pete ya ulinzi yenye waya wake wa graundi, usiopita kwenye graundi ya kidijitali. Kwa sumaku, angalia kitanzi cha waya wa umeme na graundi ya kidijitali kilicho karibu na indakta, na ukibane hadi waya hizo mbili zipite sambamba, moja juu ya nyingine.